Wati ishirini za Mji wa Kale

Wanaokuja hapa kutafuta mambo ya PHP na Linux watanisamehe, leo nazungumzia amplifaya. Tena si zile za bei ya gari zinazopigwa picha kwenye magazeti ya wazungu. Nazungumzia amplifaya ya mtu wa kawaida, ile ya kuwekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, na kwa nini moja kati ya hizo imenifundisha mengi kuliko vitabu vyangu vya programu.

Kisa chenyewe hiki. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mombasa, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale. Binamu zangu walikuwa wakisafisha orofa ya juu ili ipangishwe, na katika vitu vilivyowekwa mlangoni kumngoja mtu wa vyuma chakavu kulikuwa na boksi la kijivu lenye vumbi la miaka. Juu yake kulikuwa na boksi la viatu lenye kaseti kumi na nne. Ami alikuwa amekaa kibarazani na kikombe chake cha kahawa chungu. Akatazama, akasema polepole, "Chuma hicho chaenda. Na kaseti nitazisikilizia wapi, kwenye simu yako?"

Binamu akamjibu kwamba boksi lenyewe bovu, upande wa kulia hausemi tangu zamani, na spika ya Bluetooth ni shilingi elfu mbili tu. Kweli. Lakini kaseti mojawapo ni ya harusi ya shangazi, mwaka 1984, na ndani yake bibi yetu anasikika akimwasa biharusi. Bibi alifariki 1991. Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani. Nikaomba wiki moja.

Boksi hilo ni NAD 3020. Katika wiki hiyo nilizunguka nalo, nikasoma, nikafungua skrubu, nikauliza wazee. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na stima, maana bila hiyo hakuna amplifaya. Historia ambayo kampuni ya umeme ya Kenya hujisimulia yenyewe huanzia Unguja. Sayyid Barghash alinunua jenereta mwaka 1875 kumulika kasri lake na mitaa ya karibu, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua jenereta hiyo, ndipo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Kwa hiyo hata stima yetu ilikuja mtumba.

Muziki wa mashine haukungoja stima, lakini. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, santuri zake zilikuja kuchezwa pwani nzima kwenye gramafoni za kukaza springi kwa mkono. Hakuna waya, hakuna kitufe cha volyumu. Ukitaka sauti kubwa sogea karibu. Baadaye Mombasa ikawa na biashara yake yenyewe: Assanand & Sons wakitoa santuri ndogo za lebo ya Mzuri, zikiwemo taarabu za hapa kwetu. Santuri hizo zilitaka kifaa cha stima, kwa sababu sindano ya kisasa hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu ya volti moja. Kazi ya amplifaya ni kuuchukua umeme huo wa kunong'ona na kuufanya uweze kusukuma karatasi ya spika.

Kisha ikaja kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 ndiyo iliyoibeba taarabu ya Mombasa. Ami hulitaja duka la Mbwana Radio Service jinsi watu wengine wanavyotaja shule waliyosoma. Kaseti za Juma Bhalo na tashkota na lahani zake za filamu za Kihindi, kaseti za Zein l'Abdin na udi wake, za Maulidi na Zuhura, zilitembea kutoka Mombasa hadi Lamu na kuvuka maji. Nyingi zilikuwa za harusini, pamoja na vigelegele na watoto wakilia.

Na hapa ndipo pa kwanza ambapo muundo wa amplifaya unaingia kwenye historia. Nyuma ya amplifaya za zama hizo kuna matundu manne yaliyoandikwa Tape: mawili ya kuingiza sauti, mawili ya kuitoa. Yale ya kutoa huchukua sauti ya chombo ulichokichagua kabla haijapita kwenye volyumu. Maana yake unaweza kunakili santuri au kaseti, huku mwenyewe unasikiliza kwa sauti ndogo, ama husikilizi kabisa. Nyumba yenye amplifaya moja na deki mbili ilikuwa kiwanda. Hakimiliki? Tusifanyiane unafiki. Nusu ya boksi la viatu la Ami ni nakala za nakala, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino na yamefifia.

Sasa tuje kwenye NAD yenyewe. Kampuni ilianza London mwaka 1972, na amplifaya hii ikatoka mwaka 1978. Mchoraji wake alikuwa Mnorwe, Erik Edvardsen, na ikaundwa Taiwan. Yetu ililetwa na baharia wa ukoo. Kabla soko halijafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuagiza vifaa kutoka nje kulitaka leseni, kwa hiyo baharia ndiye aliyekuwa duka letu. Hata tashkota, ambayo ni ya Japani, ilitufikia kupitia bandari.

Ukiitazama kwa mbele hutavutiwa. Visu vya plastiki, uso mtupu, vitaa vidogo vitano vya kuonyesha nguvu. Imeandikwa wati 20 kwa kila upande. Ishirini! Siku hizi nenda Digo Road utazame maboksi ya redio madukani, utakuta "PMPO 1200W" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Basi je, chuma cha Ami ni mara sitini dhaifu kuliko hilo boksi?

La. PMPO haina kanuni yoyote inayokubalika ya kupimia. Kila mtengenezaji huandika anachotaka. Marekani waliliona tatizo la namna hii mapema, na mwaka 1974 tume yao ya biashara, Federal Trade Commission, ikatoa sheria kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani sharti azipime zikitoka mfululizo, na aseme ni kwenye spika ya omu ngapi na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Wati 20 za NAD ni wati za aina hiyo. Ukitaka kujua ukweli wa boksi la dukani, ligeuze, usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha linakula umeme kiasi gani. Nimeyaona ya "1200W" yanayokula wati 30. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo kuliko kinachoingia, hiyo ni fizikia ya darasa la saba.

Halafu kuna jambo la masikio. Wati zikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia lakini hutashangaa. Ili sikio liseme "hii ni maradufu", unahitaji wati mara kumi. Spika ya kawaida ikipewa wati moja hutoa kama desibeli 88 kwa umbali wa mita moja. Ipe wati 20, unafika 101. Chumbani hiyo ni ghasia.

Na vyumba vyetu ni vya namna gani? Hapa nilijifurahisha kidogo. Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutosha, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu utakavyo lakini upana wake hufungwa na mti. Nikachukua futi nikapima sebule ya Ami: mita 2.8. Nikafungua laptopu. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana, unapata hezi 62. Hiyo ndiyo sauti ambayo kuta mbili hurushiana kama mpira, ikavimba kuliko sauti nyingine zote. Na hezi 62 iko wapi kwenye muziki? Ni noti ya B ya chini kwenye gitaa la besi.

Nikamwita Ami nikamwonyesha. Akacheka. Akasema hayo ya hesabu hayajui, lakini kila siku besi huiweka chini ya nusu, "maana nyumba hii yaongeza besi yenyewe". Kwa hiyo kisu cha besi, ambacho mashabiki wa bei kubwa hukidharau wakisema huchafua sauti, kwenye chumba cha mita 2.8 ni kifaa cha lazima. Edvardsen hakukiondoa. Wapo wenzake wengi waliokiondoa ili waonekane wataalamu.

Kitufe cha Loudness nacho ni vivyo hivyo. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Maabara za Bell walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Kitufe hicho huirudisha. Mji wa Kale ukuta wako ni ukuta wa jirani, na baada ya isha mtu mwenye adabu hasikilizi kwa nguvu. Udi wa Zein usiku wa manane, kwa sauti ya kunong'ona, bila kitufe hicho ungekuwa kama mlio wa mbu.

Lakini jambo linaloifanya 3020 iwe tofauti na nyingine za bei yake ni swichi ndogo ya nyuma iliyoandikwa Soft Clipping. Niruhusuni nieleze kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2006 nilipata mshahara wangu wa kwanza wa kuandika programu. Dada yangu alikuwa anaolewa. Nikanunua boksi moja kubwa la PMPO, jina lake silitaji, taa za rangi zikizunguka kama gari la zimamoto. Usiku wa kina mama, wasichana wakaanza kupandisha volyumu. Kwa dakika ishirini ilikuwa raha. Kisha sauti ikawa kama mtu anakwaruza sufuria. Kisha spika ndogo, zile za sauti nyembamba, zikanyamaza zote mbili. Harusi ya dada, nyumba imejaa, mimi "bwana kompyuta" nimesimama uani jasho lanitoka.

Kilichotokea ni hiki. Amplifaya ikiombwa nguvu isiyokuwa nayo, haiwezi kukataa kwa upole. Wimbi la sauti lililokuwa mviringo hukatwa kichwa likawa bapa, kama mlima uliopitishwa tingatinga. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo, na sauti za juu zote huelekezwa kwenye spika ndogo, ambayo kwa kawaida huvumilia wati chache tu. Waya wake ni mwembamba kama unywele. Unaungua. Watu wengi hudhani spika huunguzwa na amplifaya yenye nguvu nyingi, kumbe mara nyingi huunguzwa na ile dhaifu iliyolazimishwa.

Soft Clipping ni saketi ndogo inayoanza kulizungusha wimbi kabla halijagonga dari. Linapunguzwa taratibu, halikatwi. Sauti inapoteza uchangamfu kidogo lakini haigeuki kuwa msumeno. Sisi waandika programu tuna neno letu kwa jambo hili: kushindwa kwa heshima. Seva ikizidiwa, ipunguze kasi, isianguke na data za watu.

Usiku ule Ami alipanda juu, akashuka na boksi lake la kijivu na spika zake mbili za mbao. Akaigusa swichi ya nyuma, akawaambia wasichana, "Pandisheni mtakavyo." Ikaimba hadi saa tisa usiku. Wati ishirini kwa kila upande, katika chumba cha mita 2.8, mlango wazi kwenye kichochoro ambacho chenyewe ni kama pembe ya gramafoni. Mtaa mzima ulisikia.

Nililokuja kulijua mwaka huu ni kwamba "ishirini" yenyewe ilikuwa ya unyenyekevu. Kwa mshituko mfupi, kama kofi la ngoma, 3020 inaweza kutoa karibu wati 40 kwenye spika ya omu 8, na zaidi ya hapo spika ikiwa ya omu 4. Kwa transfoma na transista zilizotumika, mchoraji aliamua pesa ziende kwenye mkondo wa umeme, si kwenye uso wa aluminiamu. Ndiyo maana ina sura ya kopo.

Na transista zenyewe? Nilimpelekea fundi mmoja Mwembe Tayari. Akafungua, akachungulia bati la kupozea, uso ukamng'aa. "2N3055 na mwenzake MJ2955," akasema, kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa madrasa. 2N3055 ilitoka kwa RCA miaka ya 1960 na fundi yeyote wa Afrika Mashariki anaijua. Redio nyingi zilizokuja baadaye zilitumia aisi moja iliyofungwa, kama zile STK za Sanyo, ambayo ndani yake umejaa kila kitu. Nafuu kuunda, lakini ikifa imekufa nzima, na ya kuweka badala yake madukani mara nyingi ni bandia. Fundi alinionyesha kopo la aisi bandia alizouziwa. Amezitunza kwa hasira.

Akapima transista, zote nzima. Kapasita kubwa, zimezeeka lakini zinashika. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba tatizo ni la siri. Akageuza nyuma, akanyoosha kidole.

Nyuma ya 3020 kuna vipande viwili vya chuma vilivyopindwa kama herufi U. Vinaunganisha nusu mbili za amplifaya: ile inayochagua na kurekebisha sauti, na ile inayoipa nguvu. Ukiving'oa, una mashine mbili. Leo huna pesa, unatumia zote pamoja. Kesho ukipata amplifaya kubwa zaidi, unaichomeka nusu ya kwanza humo na hutupi kitu. Mwandika programu yeyote aliyewahi kurithi msimbo ambao kila kitu kimeshonana na kila kitu ataelewa kwa nini nilikaa kimya nikivitazama. Kampuni ingeweza kuokoa senti kwa kuweka waya ndani. Haikufanya hivyo.

Sasa hewa ya Mombasa haina huruma na chuma kilicho wazi. Chumvi ya bahari ilikuwa imekiota kile cha kulia, ukungu wa kijani kote. Fundi akakisugua kwa msasa laini, akafuta kwa spiriti, akakirudisha. Akazungusha volyumu mara kumi kuondoa kutu la ndani. Upande wa kulia ukasema. Gharama yote: shilingi mia tano na chai.

Sitaki mfikiri nasema vya zamani tu ndivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Tripath ya Marekani ilitengeneza chipu ndogo za kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na kijiboksi cha plastiki kilichotumia chipu hiyo kikauzwa chini ya dola 40 na kikawashangaza watu wenye vifaa vya maelfu. Tripath ilifilisika 2007, lakini njia hiyo ndiyo iliyoshinda. NAD wenyewe walitoa D 3020 mwaka 2013, ndogo, baridi, ya kisasa. Kwa stima yetu inayopanda na kushuka, kifaa kisichochoma umeme bure ni neema, na ningekuwa ninaanza nyumba leo ningenunua cha namna hiyo. Nalalamikia jambo moja tu: katika vijiboksi vya bei rahisi vya leo, matundu ya kutoa sauti kwa ajili ya kurekodi yametoweka.

Na mimi nilikuwa nayahitaji hayo. Jioni ya mwisho kabla ya kurudi kazini nilichomeka deki ya Ami kwenye Aux, si kwenye Tape, kwa sababu kinachoingia Tape hakitoki tena kwenye tundu la kurekodi. Laptopu nikaichomeka kwenye Tape Out. Kaseti tatu utepe wake ulikuwa umeganda, hazikuzunguka. Ile ya 1984 ilizunguka.

Dakika kumi za kwanza ni vyombo vikigongana na mtu akiuliza maji. Kisha bibi akaanza kusema. Ami akaweka kikombe chini. Hajatikisika, mkono uko kwenye kisu cha besi, amekishusha bila kutazama. Katikati ya maneno yake muadhini akaanza adhana ya magharibi, na Ami, kama anavyofanya miaka yote, akanyoosha mkono akazima volyumu hadi mwisho. Chumba kikawa kimya. Nikatazama skrini. Mistari ya kijani bado ilikuwa inapanda na kushuka.